Kwenda Bila Kurudi: Shajara ya Safari ya Mirihi

30 Julai 2020

Limeondoka. Saa 1:50 asubuhi kwa saa za Florida, roketi ya Atlas V imenyanyuka Cape Canaveral ikiwa imebeba gari la roboti liitwalo Perseverance: kilo 1,025, magurudumu sita, mkono wenye keekee, na tumboni mirija 43 ya titani.

Mirija hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuandika. Vyombo vimekuwa vikitua Mirihi tangu Desemba 1971, pale Mars 3 cha Wasovieti kilipogusa ardhi na kunyamaza muda mfupi baadaye. Zikafuata Viking mbili mwaka 1976, kisha Pathfinder, Spirit, Opportunity, Phoenix, Curiosity, InSight. Vyote vilikwenda na kubaki. Hakuna hata kimoja kilicholeta duniani chembe ya mchanga wa huko. Perseverance nalo halitarudi, lakini ni la kwanza kupewa kazi ya kuandaa mzigo wa kurudishwa: lichimbe mawe, liyafungie ndani ya mirija, liyaweke tayari kwa chombo kingine kitakachokuja kuyachukua. Anayetaka kujua kama binadamu ataweza kwenda Mirihi na kurudi salama, naona aanze kwa kufuatilia mirija hii.

Mwezi huu njia ina wasafiri watatu. Hope ya Falme za Kiarabu iliondoka siku kumi zilizopita, Tianwen-1 ya China tarehe 23, na sasa hili la Marekani. Hawakukutana njiani kwa bahati. Dunia na Mirihi hukaa mkao unaofaa safari mara moja tu kila baada ya miezi 26 hivi, na anayechelewa husubiri. Gari la Ulaya na Urusi lililokuwa liondoke mwaka huu limeshasogezwa hadi 2022. Kwa roboti, huko ni kukaa ghalani. Kwa wanaanga watakaokuwa Mirihi wakingoja mkao wa kurudi, kila mwezi wa kungoja ni chakula, maji, hewa na afya ya mwili.

27 Oktoba 2020

Leo limefika nusu ya njia: kilomita milioni 235 zimeachwa nyuma, na nyingine kama hizo ziko mbele. Hakuna cha kutazama. Chombo kinazunguka taratibu, kinaelekeza antena duniani, kinasahihisha mwendo mara chache kwa kuchoma mafuta kidogo.

Kimya hiki ndicho kinachonipa mawazo. Curiosity ilipopita njia hii kati ya Novemba 2011 na Agosti 2012, ilikuwa na kifaa cha kupima mionzi, na kilikuwa kikifanya kazi safarini. Kilipima milisivati 1.8 hivi kwa siku. Mtu wa kawaida duniani hupata takriban 2.4 kwa mwaka mzima kutokana na vyanzo vya asili. Kwa hiyo mwanaanga aliyelala na kuamka mara mbili katikati ya njia ameshapita kiwango cha mwaka. Akienda miezi sita na kurudi miezi sita, jumla inavuka 600, na hapo hatujahesabu muda wa kukaa kwenye sayari yenyewe. Chembe hizo nyingine hutoka kwenye Jua, nyingine hutoka mbali sana nje ya mfumo wetu, zikiwa na nguvu ya kupenya kuta za chombo. Maji na chakula vikipangwa kuzunguka chumba cha kulala husaidia kuzipunguza. Haziishi.

Gari halilalamiki. Kompyuta zake zimetengenezwa zivumilie mionzi. Mwili wa mtu haukutengenezwa hivyo, na ndiyo maana nasema miezi hii ya kimya isirukwe tunapohadithiana habari za Mirihi. Watu wengi wanakumbuka kuruka na kutua tu.

18 Februari 2021

Leo. Hope imeshaingia kwenye mzingo wa Mirihi tangu tarehe 9, Tianwen-1 tarehe 10. Perseverance haliingii kwenye mzingo. Linakwenda moja kwa moja chini.

Nimejaribu kuuweka mpangilio wake akilini kabla haujatokea. Linagusa angahewa kwa mwendo wa kilomita 19,500 kwa saa. Ngao ya joto inafika nyuzi 1,300 za Selsiasi. Parashuti ya mita 21.5 inafunguka likiwa bado linakwenda kasi kuliko sauti. Ngao inaachwa ianguke, kamera inatazama ardhi, kompyuta inalinganisha inachokiona na ramani iliyopigwa na setilaiti, kisha inachagua yenyewe mahali pasipo na miamba. Mwishoni jukwaa lenye injini nane linaning'inia hewani na kulishusha gari kwa kamba. Yote hayo kwa dakika saba. Na mawimbi ya redio leo yanachukua dakika 11 na sekunde 22 kutufikia. Taarifa ya kwamba limeanza kuingia angani itakapofika, gari litakuwa limeshatua au limeshavunjika, na hakuna mtu duniani atakayekuwa ameligusa usukani.

Saa 2:55 usiku kwa saa za Greenwich, sauti ya mhandisi Swati Mohan kutoka chumba cha udhibiti cha JPL, maabara ya shirika la anga la Marekani, NASA, huko California, imetangaza kwamba limegusa ardhi na liko salama. Watu wakasimama. Nami nilisimama, peke yangu mbele ya skrini, na nililia.

Picha ya kwanza imeingia dakika chache baadaye, yenye vumbi kwenye kioo, ikionyesha kivuli cha gari juu ya uwanda wa Jezero. Kasoko hii ina upana wa kilomita 45. Miaka zaidi ya bilioni 3.5 iliyopita ilikuwa ziwa. Mto uliingia upande wa magharibi na kumwaga mashapo yaliyojenga delta ambayo bado inaonekana wazi kwenye picha za setilaiti. Ikiwa palikuwa na viumbe hai wadogo, matope ya delta ndiyo yangewahifadhi.

Kitu kimoja nakiandika kabla furaha haijakizika. Njia hii ya kutua inafaa gari la tani moja. Nyumba ya wanaanga, mitambo yao na roketi ya kuwarudisha vitakuwa na uzito wa makumi ya tani. Angahewa ya Mirihi ni nzito kiasi cha kuunguza chombo na nyepesi mno kukipunguza mwendo, na hakuna parashuti itakayobeba mzigo huo. Itabidi injini zifanye karibu kazi yote. Hilo bado halijafanywa na mtu yeyote.

22 Februari 2021

Video ya kutua imetolewa. Kwa mara ya kwanza tumeona parashuti ikifunguka juu ya Mirihi, vumbi likitimka chini ya injini, na gari likishuka kwenye kamba. Parashuti ina michirizi myeupe na mekundu iliyopangwa kwa namna isiyo ya kawaida. Wafuatiliaji wameifumbua ndani ya saa chache na kukuta maneno ya kauli ya maabara ya JPL yamefichwa humo.

Pia kuna sauti. Maikrofoni ya gari imenasa upepo. Ni mvumo mdogo tu, unapita na kutoweka. Nimeusikiliza tena na tena nikifikiria kwamba mtu wa kwanza kusimama pale hatausikia hivi, kwa kuwa kofia yake itakuwa imefungwa.

4 Machi 2021, siku ya 14 juu ya Mirihi

Mwendo wa kwanza: mbele mita nne, kugeuka kushoto, nyuma mita mbili na nusu. Dakika 33.

Kuna watakaocheka. Wangejua kazi iliyopo nyuma ya mita hizo! Siku ya Mirihi ina saa 24 na karibu dakika 40, kwa hiyo wahandisi wanaoishi kwa saa za gari wanaamka kila siku dakika 40 baadaye kuliko jana, hadi usiku wao unakuwa mchana. Wanapokea picha, wanapanga njia, wanatuma amri zote za siku, kisha wanangoja. Gari likikwama kwenye mchanga hakuna wa kulisukuma. Spirit ilikwama mwaka 2009 na haikutoka tena.

Lakini sitaki kuficha upande wa pili. Desemba 1972, wanaanga wa Marekani Eugene Cernan na Harrison Schmitt waliendesha gari lao mwezini karibu kilomita 36 kwa siku tatu, wakishuka, wakipiga nyundo, wakichagua mawe, wakibadilisha mpango papo hapo walipoona udongo wa rangi ya chungwa. Opportunity, gari lililokwenda mbali kuliko yote juu ya Mirihi, lilichukua zaidi ya miaka 14 kufikisha kilomita 45. Mtaalamu wa miamba akisimama Jezero kwa wiki moja ataona mengi kuliko gari kwa miezi. Gari lina faida moja kubwa inayofuta hesabu hiyo kwa sasa: linaweza kukaa bila kuhitaji kurudishwa.

19 Aprili 2021, siku ya 58

Helikopta iliyosafiri chini ya tumbo la gari imeruka. Ingenuity, kilo 1.8, imepanda mita tatu, imeganda hewani, imegeuka, imeshuka. Sekunde 39.

Hewa ya pale haifiki hata asilimia mbili ya msongamano wa hewa yetu, kwa hiyo mapanga yake ya mita 1.2 yalizunguka zaidi ya mara 2,400 kwa dakika ili kupata cha kukamata. Usiku uliopita ilivumilia baridi ya takriban nyuzi 90 chini ya sifuri ikiwa na betri ndogo na paneli ya jua ya kujazia chaji. Chini ya paneli hiyo kimefungwa kipande cha kitambaa kutoka kwenye ndege ya Wright ya mwaka 1903.

Imepangiwa majaribio matano ndani ya mwezi mmoja, basi. Mimi nafikiria matumizi yake kwa watu: kabla ya wanaanga kuliingia bonde, kitu kama hiki kitangulie, kipige picha upande wa pili wa kilima, kirudi na habari.

21 Aprili 2021

Jana kimetokea kitu ambacho nakihesabu kuwa kikubwa kuliko helikopta, ingawa hakina picha ya kuvutia.

Ndani ya gari kuna kisanduku kilichopakwa dhahabu kiitwacho MOXIE. Kinavuta hewa ya Mirihi, ambayo karibu yote ni kaboni dayoksaidi, kinaichuja vumbi, kinaigandamiza, kinaipasha moto hadi nyuzi 800, kisha kwa umeme kinang'oa atomu ya oksijeni kutoka kwenye kila molekuli na kutupa monoksaidi ya kaboni iliyobaki. Jana kwa saa moja kimetoa gramu 5.4 za oksijeni. Zinamtosha mwanaanga kupumua dakika kumi.

Kupumua ni sehemu ndogo ya habari. Roketi haichomi mafuta peke yake. Inahitaji oksijeni ya kuyachomea. Ili kuwanyanyua wanaanga wanne kutoka juu ya Mirihi, NASA inakadiria mafuta tani saba na oksijeni tani 25. Kubeba tani 25 kutoka duniani, kuzipitisha kwenye njia ile yote na kuzishusha salama, ni jambo la kuvunja mpango mzima. Lakini mtambo mkubwa wa aina ya MOXIE ukitumwa mapema, ukajaza tangi polepole kwa miezi wakati hakuna mtu, basi watu wangeondoka duniani wakijua kwamba roketi yao ya kurudi imeshajaa. Hivyo ndivyo ningependa kuona inafanyika: hakuna mtu anayepanda hadi tangi la kurudi limejaa na geji yake imesomwa kutoka duniani.

Gramu tano. Nimeandika tarehe hii kwa herufi kubwa kwenye karatasi ukutani.

6 Agosti 2021

Keekee imechimba jiwe la kwanza. Shimo liko safi, mrija umefungwa, gari limefanya kila kitu kama lilivyoamriwa. Ndani ya mrija hamna kitu. Wanatafuta kilichotokea.

6 Septemba 2021

Tumelipata! Kumbe jiwe lile la mwezi uliopita lilikuwa laini mno, likavunjika unga na kubaki shimoni. Timu haikung'ang'ania pale. Wamelipeleka gari kwenye mwamba mgumu zaidi, Rochette, wakachimba tarehe 1, na safari hii wakasimamisha kazi katikati ili kupiga picha ya mdomo wa mrija kabla ya kuufunga. Jiwe lilikuwemo, kipande cha mviringo chenye unene wa kidole. Sasa limefungwa, tayari kurudi, kama kutakuwa na wa kulirudisha.

Na mrija ule mtupu? Haujatupwa. Umefungia hewa ya Mirihi, nayo inahitajika maabara vilevile.

Oktoba 2021

Jua limeingia kati yetu na Mirihi. Kwa wiki mbili hivi hakuna amri zinazotumwa, kwa hofu kwamba gesi ya Jua itaharibu ujumbe na chombo kikapokea amri nusunusu. Magari yote ya huko yameegeshwa. Hali hii hujirudia kila baada ya miaka miwili na kidogo, na wafanyakazi wa kituo cha kwanza cha binadamu wataishi nayo. Ama wawe wamejifunza kujitegemea kabisa, ama pawe na setilaiti ya kupokezana ujumbe iliyowekwa pembeni ya Jua.

Wakati gari limesimama, nimepitia orodha ya vilivyomo ndani yake na nimekutana na kitu nilichokuwa sikijui. Kwenye ubao wa kusawazishia kifaa cha SHERLOC, kinachochunguza mawe kwa leza, vimebandikwa vipande vitano vya nguo na vifaa vya wanaanga, kikiwemo cha kioo cha kofia. Vinakaa juani, kwenye vumbi, kwenye mionzi ya urujuanimno isiyochujwa na ozoni, na mara kwa mara vinapimwa kuona vinachakaa namna gani. Kwenye ubao huohuo kuna kipande cha kimondo kilichotoka Mirihi, kikaanguka duniani, na sasa kimerudishwa kwao.

Nguo zimetangulia kwenda. Mwenye kuzivaa atafuata baada ya kujua zinadumu muda gani.

21 Desemba 2022

Siku moja, habari mbili.

Ya kwanza: Perseverance limeweka mrija wake wa kwanza chini, mahali palipopewa jina la Three Forks, uwanda tambarare mbele ya delta. Hadi sasa kila jiwe limechimbwa mara mbili. Pacha mmoja anabaki garini, mwingine anaachwa hapa, ili gari likiharibika huko mbele, mirija kumi iwe inangoja mahali panapojulikana. Mrija uliangushwa kutoka chini ya tumbo la gari, chini kidogo ya mita moja, kisha kamera ya mkono ikapita kuhakikisha haujabingirika mbele ya gurudumu wala kusimama wima. Mingine itafuata, ikitenganishwa mita tano hadi kumi na tano kwa mstari wa kwenda kombo, ili chombo cha kuichukua kipate nafasi.

Ya pili: NASA imetangaza mwisho wa InSight. Kwa miaka minne ilisikiliza matetemeko ya Mirihi, zaidi ya 1,300, likiwemo la Mei mwaka huu lililofika kipimo cha 4.7. Vumbi limefunika paneli zake za jua hadi umeme ukaisha. Opportunity nayo ilikufa kwa kukosa umeme wa jua katika dhoruba ya vumbi ya 2018.

Wiki iliyopita watafiti walichapisha sauti ya kisulisuli cha vumbi kilichopita juu kabisa ya Perseverance mwaka jana, chembe zikigonga kwenye gari. Jezero ina visulisuli vingi. Kule InSight ilikokaa, kamera zake hazikukinasa hata kimoja, na upepo wa kufagia paneli haukuja. Perseverance halijali. Umeme wake unatokana na joto la kilo 4.8 za plutoniamu oksaidi, usiku na mchana. Kituo cha watu kitahitaji umeme mwingi zaidi ya huo, na nikitazama paneli za InSight zilivyogeuka rangi ya ardhi, siwezi kukubaliana na mpango wowote unaotegemea jua pekee. Mtambo mdogo wa nyuklia uwepo, hata kama ni mzito kuubeba.

6 Septemba 2023

MOXIE imemaliza kazi. Majaribio 16, gramu 122 kwa jumla, na kilele cha gramu 12 kwa saa, mara mbili ya lengo lake, mchana na usiku, majira yote ya mwaka wa Mirihi. Sasa ni suala la kujenga kikubwa zaidi. Mirija kumi ya Three Forks ilikamilika mwishoni mwa Januari na iko palepale.

25 Januari 2024

Ingenuity haitaruka tena. Tarehe 18, katika safari yake ya 72, ilishuka juu ya mchanga wenye mawimbi laini usio na mawe wala alama. Mfumo wake wa kuongoza ulikuwa ukitazama mawe ili kujua uko wapi. Ulipokosa cha kukamata, ikatua vibaya na mapanga yakavunjika.

Miruko mitano iliyopangwa imekuwa sabini na miwili. Zaidi ya saa mbili angani, kilomita 17. Sina la kuongeza zaidi ya shukrani kwa waliothubutu kuifunga chini ya tumbo la gari.

15 Aprili 2024

Nilikuwa naiogopa siku hii tangu tathmini huru ya mwaka jana. Mkuu wa NASA, Bill Nelson, amesema mpango wa kuleta mirija duniani ungegharimu hadi dola bilioni 11, na mawe yangefika mwaka 2040. Amesema fedha hizo ni nyingi mno na mwaka huo uko mbali mno. Wanaomba mapendekezo mapya.

Bei inasikika. Lakini tuangalie kinachoombwa: roketi ndogo itue Mirihi, ipakiwe mirija, iruke kutoka juu ya sayari nyingine, jambo ambalo halijawahi kufanyika, ikutane na chombo kwenye mzingo, kisha mzigo ufike duniani bila kuvuja. Kila hatua ya hiyo ni hatua ambayo wanaanga wataipitia wakirudi. Kuna wanaosema tuiache mirija, watu watakapokwenda wataichukua wenyewe. Mimi nakataa. Kumpandisha mtu kwenye roketi ya kurudi ambayo aina yake haijawahi kurudisha hata jiwe, huko ni kumfanya yeye kuwa jaribio. Kuna na udongo. Phoenix ilikuta perikloreti mwaka 2008, chumvi inayodhuru tezi ya shingo, na vumbi hilo litaingia ndani pamoja na viatu. Afadhali tulijue vizuri likiwa ndani ya mrija wa titani.

6 Julai 2024

Kelly Haston, Anca Selariu, Ross Brockwell na Nathan Jones wametoka. Tangu 25 Juni mwaka jana walikuwa wamejifungia, kwa jaribio la NASA huko Houston, ndani ya nyumba ya mita za mraba 158 iliyochapwa kwa printa, wakiishi kama wako Mirihi: mboga za kuotesha ndani, matembezi kwenye mchanga mwekundu wa kutengenezwa, na ujumbe unaochelewa kufika. Siku 378.

Kuna aliyeandika kwamba ni mchezo kwa sababu mlango ungeweza kufunguliwa wakati wowote. Ndiyo, ungeweza. Hawakuufungua.

25 Julai 2024

Jiwe lina umbo la mshale, urefu wa mita moja. Wamelipa jina la Cheyava Falls. Liko ndani ya Neretva Vallis, bonde la upana wa mita 400 lililochongwa na mto ulioingia Jezero. Lina mishipa myeupe ya salfeti ya kalsiamu, alama ya maji yaliyopita ndani yake. Kati ya mishipa kuna madoa meupe yenye ukingo mweusi, ambayo timu inayaita madoa ya chui. SHERLOC imekuta misombo ya kikaboni, ya aina ambayo viumbe hai hujengwa nayo. Ukingo wa madoa una chuma na fosfeti.

Duniani, madoa ya aina hii hutokea pale mabadiliko ya kikemia yanapoondoa rangi nyekundu ya chuma, na vijiumbe vinavyoishi ndani ya matope hula nguvu ya mabadiliko hayo. Yanaweza pia kutokea bila uhai wowote. Wamechimba tarehe 21. Mrija unaitwa Sapphire Canyon.

Gari limelitazama jiwe hili kwa kila kifaa lilicho nacho, kwa leza, eksirei na kamera, mchana na usiku. Limefika mwisho wa uwezo wake. Wanasayansi wenyewe wanasema hivyo bila kuficha: jibu linahitaji maabara za duniani.

12 Desemba 2024

Ukingo wa kasoko umepandwa. Miezi mitatu na nusu, mita 500 kwenda juu, magurudumu yakiteleza kwenye mteremko mbaya kuliko wote ambao Perseverance limewahi kukutana nao. Kutoka juu, picha zinaonyesha Jezero yote chini na ardhi ya kale zaidi upande wa pili.

Mrija wa Sapphire Canyon umepanda nao. Haumo miongoni mwa ile kumi ya Three Forks.

10 Septemba 2025

Utafiti wa Joel Hurowitz na wenzake umetoka leo katika jarida la Nature, baada ya mwaka mzima wa kuhojiwa na wataalamu wengine. Madoa yana madini mawili, vivianaiti na gregaiti, moja la chuma na fosfeti, jingine la chuma na salfa. Yako ndani ya matope yaliyoganda, pamoja na kaboni. Duniani, katika baridi na matope, mara nyingi madini hayo hufanyizwa na vijiumbe. Hakuna dalili kwamba jiwe hili lilipata joto kali, ambalo ndilo lingetoa maelezo rahisi bila uhai. Wanaiita alama inayoweza kuwa ya uhai, na wamechagua neno hilo kwa uangalifu.

Nimesoma hadi macho yakauma, kisha nikarudi kwenye hesabu ya mirija. Bajeti iliyopendekezwa Washington mwaka huu inataka kuufuta mpango wa kuirudisha. China imetangaza Tianwen-3, iondoke karibu mwaka 2028 na kuleta mawe yake mwaka 2031 hivi, kutoka mahali pengine pa sayari. Nitaifuatilia kwa moyo uleule, maana jiwe la Mirihi ni jiwe la Mirihi, nani alilete si hoja.

Lakini jiwe hili moja liko ndani ya gari lililo hai, lenye umeme unaopungua kidogo kila mwaka, linaloendelea kupanda na kushuka miinuko ya ukingo. Ombi langu kwa wanaopanga ni dogo: kabla ya keekee kuchimba tena, Sapphire Canyon upelekwe mahali tambarare na uwekwe chini, upigwe picha, namba za mahali pake ziandikwe. Gari likisimama ghafla siku moja juu ya mteremko, roketi yoyote itakayokwenda, ya nchi yoyote, ijue pa kutua.